Tembo Niliyoijua ni ya Mnazi

Nikitoka zamu ya usiku ghalani, hapa Berlin, nalala mpaka saa nane mchana, nasonga ugali, kisha natandika magazeti mezani na kutoa rangi. Zamani nilitumia rangi ya mafuta, jirani wa juu akalalamikia harufu, nikahamia akriliki. Haing'ai vile, ila inakauka kabla sijarudi kazini.

Kwa miaka miwili nilichora walichotaka watu: tembo na Kilimanjaro, twiga, simba, jua likizama nyuma ya mgunga. Wenzangu kazini walinunua. Siku moja mmoja akaniuliza simba ananukaje. Nikacheka tu. Mimi mtoto wa Pangani. Simba nimemwona kwenye noti ya shilingi 2,000, na faru kwenye ya 5,000. Hifadhi ya Saadani ipo jirani, lakini kwetu nani alikuwa na gari la kutufikisha? Hata tembo, niliyoijua ni ile ya kugemwa.

Maoni yangu, na najua yatawaudhi wenzangu wachoraji: wengi wetu tulio ughaibuni tunachora kwetu kwa macho ya mgeni. Tunamuuzia Mzungu picha aliyokuja nayo kichwani.

Wataniambia, mbona Edward Saidi Tingatinga alichora wanyama hao hao na wageni wakanunua? Ni kweli. Lakini hebu mtazame mtu mwenyewe. Ametoka Tunduru, akafanya kazi kwenye mkonge Tanga, akaishia Dar, baadaye akiajiriwa hospitali ya Muhimbili, huku akichora saa zake za mapumziko kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Mnyama wake anajaza ubao mzima, macho yamemtoka, hana mlima wala machweo nyuma yake. Polisi walimpiga risasi kimakosa mwaka 1972, miaka kama minne tu tangu aanze.

Jumapili nikipata nafasi naenda makumbusho ya mambo ya asili kuchora lile dinosaria la Tendaguru, kilima cha huko Lindi. Kimo chake mita 13 na ushee. Wapagazi waliibeba mifupa ile kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani. Nakaa chini ya shingo yake na penseli, tunaulizana kimya nani atarudi kwanza.

Sasa nachora komba. Usiku alikuwa akilia minazini kama mtoto mchanga, mkimmulika tochi macho yanawaka kama makaa. Alfajiri mgema alikuta kibuyu kimenywewa. Si bure mlevi wetu huambiwa amelewa kama komba. Nimempa manyoya ya kijivu, nukta kwa nukta, kwa kichwa cha njiti ya kiberiti, nikamkalisha kwenye kuti na kibuyu mkononi. Kazini hakuna aliyemtaka. Mmoja aliuliza kama ni paka.

Nikampigia mama simu ya video. Akasogeza uso, akatazama kitambo.

"Haya masikio umeyatoa wapi, mwanangu? Huyo sungura."

Kumbe nilikuwa nimeiga picha ya intaneti, komba wa bara huko. Wa kwetu masikio yake mafupi. Nimeyafunika kwa rangi ya usiku, lakini ukiinamisha ubao kwenye taa, bado yanaonekana.