Cruz Reynoso si ile kura ya 1986 tu

Akitajwa Jaji Cruz Reynoso, wengi hukimbilia Novemba 1986, wapiga kura wa California walipomng'oa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo pamoja na Jaji Mkuu Rose Bird na mwenzao Joseph Grodin. Mimi nadhani tunamsimulia kuanzia pabaya.

Mtu huyu alizaliwa 1931, mtoto wa vibarua wa mashambani waliotoka Mexico. Bado kijana, mtaa wao wa La Habra ulipokuwa haupelekewi barua majumbani kama mitaa mingine, alikusanya saini akaandika hadi Washington. Barua zikaanza kuletwa. Baadaye, akiwa wakili, aliongoza shirika lililowatetea bure maskini wa vijijini California. Mawakili wa shirika hilo ndio walioshika kesi ya jembe la mpini mfupi, lile lililomlazimu kibarua kulima amejikunja kutwa nzima mpaka mgongo uharibike. Lilipigwa marufuku 1975.

Mwaka 1976 akawa jaji wa Mahakama ya Rufaa kule Sacramento, na 1982 Gavana Jerry Brown akampandisha Mahakama ya Juu, Mlatino wa kwanza kuketi pale.

Hukumu yake ninayoipenda ni ya 1984, People v. Aguilar. Mshtakiwa hakujua Kiingereza, akapewa mkalimani. Walipofika mashahidi wa upande wa mashtaka wanaosema Kihispania, jaji wa chini akamwazima mkalimani huyohuyo awatafsirie wao. Hebu jiweke pale kizimbani. Shahidi anakumaliza, wakili wako yuko ubavuni, na huna njia ya kumnong'oneza kwamba huyo anadanganya, mwulize usiku ule alikuwa amesimama wapi. Reynoso aliandika kwamba haki ya mkalimani ni ya kesi nzima, haikatwi vipande. Hukumu ya chini ikafutwa.

Wakosoaji wake walidai wakili wa maskini hawezi kuwa jaji wa haki. Mbona aliyewatetea mabenki maisha yake yote haulizwi hivyo? Reynoso alisikia kimya cha yule mshtakiwa kwa sababu alikulia miongoni mwa watu wa namna ile. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 50, inatoa haki hiyo ya mkalimani bila malipo, ingawa mara nyingi karani wa mahakama ndiye anayegeuzwa mkalimani.

Kule California majaji wa ngazi hizo huteuliwa na gavana, kisha wananchi hupiga kura ya ndiyo au hapana. Kampeni ya 1986, Gavana George Deukmejian akiwa mstari wa mbele kumpinga Bird, ilitawaliwa na adhabu ya kifo, ambayo majaji hao walidaiwa kuikwepa. Suala la mkalimani halikupata nafasi. Reynoso alirudi kwenye uwakili na kufundisha sheria, mwaka 2000 Rais Clinton akamvisha Nishani ya Uhuru, na alifariki 2021. Ile hukumu ya Aguilar wanasheria wa California wanaitaja hadi leo.