Methali za watu ambao hawajawahi kuwepo

Rafiki yangu mmoja anaandika riwaya ya fantasia kwa Kiswahili. Watu wake wanaishi mgongoni mwa kasa mkubwa ajabu anayeogelea baharini bila kusimama, wana mashamba humo humo, soko, makaburi, na kama watu wengine wote wana methali zao. Siku aliyotusomea sura mbili za mwanzo tulikuwa kama watu tisa sebuleni kwa mtu, na mzee mmoja ninayemheshimu sana, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, akasema kitu kimoja tu: mwanangu, methali haitungwi, methali inazaliwa. Watu wakatikisa vichwa na mwandishi akakunja karatasi zake. Mi sikusema kitu siku ile manake sikuwa na jibu, lakini neno lile limenikaa rohoni miezi miwili sasa na nadhani ndo nimejua kwa nini sikukubaliana nalo.

Hoja ya mwalimu sio ya kubeza kabisa. Methali inaingia kwa watu kwa kupita midomoni mwa watu, mmoja anasema, mwingine anapunguza neno, wa tatu anaipa vina, na baada ya vizazi kadhaa kilichobaki ni kile ambacho hakuna aliyeweza kukipunguza tena. W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza, alipokusanya methali za Mombasa na kuzichapa mwaka 1891 alikuta kazi hiyo imeshafanyika zamani. Sasa mtu anayekaa na kompyuta usiku akaandika "wahenga wa nchi hii walisema" anajipa heshima ya wahenga bila kupita njia yao, na hilo linaudhi, naelewa.

Na mifano ya kumuunga mkono ipo. Chukua Waklingoni, lile taifa la wapiganaji kwenye Star Trek, zile muvi na vipindi vya Marekani vya safari za anga za juu. Kwenye muvi ya mwaka 1982 adui mkuu anasema kuna methali ya Kiklingoni kwamba kisasi ni chakula kinacholiwa kikiwa kimepoa. Methali hiyo ilikuwa ya Wazungu wa duniani hapa hapa tangu karne ya 19, ilivalishwa tu nguo ya sayari nyingine, na mwaka 2003 muvi nyingine isiyohusiana kabisa na anga za juu, Kill Bill, ikafungua na maneno hayo hayo na chini yake ikaandikwa ni methali ya kale ya Kiklingoni. Marc Okrand, aliyekitengeneza Kiklingoni na kutoa kamusi yake mwaka 1985, alitoa pia kitabu kizima cha semi zao mwaka 1996, na ukizisoma mfululizo sehemu kubwa ni vita, heshima, kifo, vita tena. Ukimaliza unajiuliza Mklingoni mwenye mtoto mgonjwa usiku anaambiwa nini na jirani yake. Aliyeuziwa mbuzi mbovu je? Hawana la kusema kwa sababu hawakupewa maisha, walipewa tabia moja tu.

Wadothraki, wale wapanda farasi wa kwenye tamthilia ya Game of Thrones, ndo wanaonisikitisha zaidi, manake hao wamechotwa kwa sehemu kutoka kwa wafugaji halisi wa farasi kama Wamongolia. Mtu anasema jambo, mwenzake anaitikia "inajulikana", na wa tatu naye "inajulikana", basi, hakuna anayebisha. Watu wa mila wanaoneshwa kama hawafikiri, wanakariri tu. Sisi tuliowahi kuelezwa hivyo hivyo kwenye vitabu vya wageni tunaijua hiyo picha inavyouma. Kila jamii ya kweli ninayoijua methali zake zinagombana. Huyu anakwambia haraka haraka haina baraka, yule anakujibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na wote wawili wamelelewa nyumba moja na bibi mmoja.

Kwa hiyo hadi hapo mwalimu anashinda. Ila tatizo la Waklingoni sio kwamba methali zao zilitungwa, tatizo ni kwamba zilitungwa kwa uvivu wa namna flani, hazikuulizwa zinatoka kwenye kazi gani na zinagombana na nani, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo siku ile sebuleni tuliyachanganya.

Angalia tulichonacho wenyewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini tumboni maji yanakojikusanya, na mtu wa Dodoma au Tabora ambaye hajawahi hata kugusa jahazi anaitumia vizuri tu, kwa mahali pake, na anaeleweka na mwenzake ambaye naye hajui omo ni kitu gani. Kwake yeye jahazi ni nchi ya hadithi kama ulivyo mgongo wa kasa. Hajaziishi hizo bahari, hakuna mtu kwenye ukoo wake aliyeziishi, lakini methali ni yake kabisa na hakuna atakayemwambia airudishe Lamu. Nililipima hili kwa siku nyingi kwa sababu linagusa mzizi wa hoja ya mwalimu: kama methali inakuwa halali kwa sababu imezaliwa kwenye maisha ya anayeisema, basi nusu ya methali za Kiswahili sio halali kwa nusu ya Waswahili. Najua atasema hata hivyo ilizaliwa mahali, kwa watu wa kweli, na sisi tumerithi. Sawa. Lakini kinachoifanya ifanye kazi leo kinywani mwa mtu wa Tabora sio kule kuzaliwa, ni umbo lake, na umbo linaweza kutengenezwa.

Na tunatengeneza, tena hadharani. Kanga. Duka la Abdulla pale Mombasa limekuwepo tangu 1887, na yale maneno yanayochapwa kwenye kanga kuna mtu alikaa akayatunga, mwenye duka au mteja au mshairi wa mtaani, ili kitambaa kinunuliwe. Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Sisi sote abiria, dereva ni Mungu. Hakuna mhenga wa karne ya 15 aliyejua dereva ni nini! Na bado mama anaivaa kwenda msibani, majirani wanaisoma, imeshakuwa hekima, hakuna anayeuliza cheti cha kuzaliwa.

Sasa njoo kwa mtu aliyejua anachofanya. J.R.R. Tolkien alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale pale Oxford kuanzia 1925, kazi yake ilikuwa kusoma maneno ya watu waliokufa zamani, na kwenye kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Bilbo, mmoja wa hobiti, watu wafupi wa kubuni, alifanya kitu ambacho mi sijakisahau tangu nikisome: alituonesha methali ikizaliwa. Bilbo na wenzake wanatoroka kwa magoblini, viumbe waovu wa milimani, usiku ule ule wanazingirwa na mbwamwitu, Bilbo anapayuka kwamba ni kukimbia magoblini ukakamatwe na mbwamwitu, na msimulizi anasema maneno yale yakaja kuwa methali, ingawa siku hizi tunasema kutoka kwenye kikaango kuingia motoni. Sisi tungesema karuka majivu kakanyaga moto. Yaani anakupa chanzo cha uongo cha methali ya kweli, na unasoma unahisi kama umeguswa na mkono wa mtu wa kale.

Baadaye Bilbo anaongea na joka Smaug pangoni, anatoka salama, halafu ulimi unamponza, anamtupia joka neno la kejeli wakati wa kuaga na joka linamtemea moto unaomchoma visigino. Anakimbia huku anajisema mwenyewe, usicheke joka lililo hai, na msimulizi tena anasema hiyo ikawa methali. Nenda taratibu hapo. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ni mifupa ile ile: kuna hatari ambayo haijaisha, na kuna ulimi uliotangulia kusherehekea. Hakuna mkunga pale wala mto, ila mtu aliyekulia Kyela au Mtwara akiisikia mara moja tu anajua aitumie lini, ataitumia kwa yule aliyeacha kazi kwa matusi kabla mshahara wa mwisho haujaingia. Sasa niambie hiyo haijazaliwa. Imezaliwa kwenye visigino vilivyoungua, na sisi tulikuwepo tukishuhudia, jambo ambalo hakuna anayeweza kusema kuhusu yule mamba.

Na hobiti wanabishana pia, kwenye kitabu chake kingine, The Lord of the Rings. Mmoja anasema njia ya mkato huleta ucheleweshaji mrefu, na mwenzake papo hapo anamgeuzia, kwamba njia za mkato zinachelewesha lakini vilabu vya pombe vinachelewesha zaidi. Kuna pia ule msemo wao kwamba usiende kwa Waelfi, wale watu wa kale wenye hekima, kutaka ushauri manake watakwambia ndiyo na hapana kwa pamoja, na hobiti Frodo anausema mbele ya Mwelfi mwenyewe, na Mwelfi anacheka. Hapo ndo mahali pa fumbo, linatupwa kwa mwenye nalo naye anatakiwa alipokee kwa uzuri. Kwenu pwani mnajua.

Lakini kipimo kinachonishawishi kuliko vyote ni kingine. Methali iliyokomaa unaikata nusu. Mtu akikamatwa baada ya kuiba muda mrefu hatusemi siku za mwizi ni arobaini, tunasema arobaini zake zimefika, tumemaliza. Tunasema huyo sikio la kufa na hatumalizii dawa. Bibi akianza "asiyesikia la mkuu" nyumba nzima inajua guu linavunjika. Nusu moja iko mdomoni mwa msemaji na nusu nyingine iko tumboni mwa msikilizaji, na asiye na nusu yake anabaki nje, mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia "arobaini zake" atadhani ni hesabu.

Hilo Star Trek yenyewe ililiwaza mwaka 1991, kwenye kipindi kuhusu Watamaria, watu wanaoongea kwa visa vyao tu. Darmok na Jalad kule Tanagra. Shaka, kuta zilipoanguka. Mashine inatafsiri kila neno na kapteni bado haelewi kitu, mpaka yule Mtamaria anapokubali kukaa naye hatarini, na hatimaye kufa, ili kisa kimoja kiwe cha wote wawili. Nilipokiangalia nilifikiria baharia wa Kireno pale Kilwa anavyosikiliza wazee wanaongea. Waliokitunga hawakuwa na wahenga wowote, lakini walielewa methali kuliko vitabu vingi vya shule vinavyotuorodheshea maana upande wa kulia.

Na nusu hizo zimeshaanza kugawanyika kwenye maisha. Mmoja akisema valar morghulis, watu wote lazima wafe, mwenzake mpenzi wa stori za Game of Thrones anajibu valar dohaeris, watu wote lazima watumikie. George R.R. Martin ndo aliyetunga, hilo halina ubishi, lakini leo maneno yale yako kwa watu wawili wasiojuana, wa mabara tofauti, kila mmoja amebeba nusu yake.

Kuna hofu moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuijibu na sitaki kuijibu, naikubali kama ilivyo. Kutunga methali ukawapa watu ambao hawapo hakumwibii mtu. Kutunga methali ukaandika chini yake "methali ya Kiafrika", au kuchukua maneno ya watu waliopo ukayafanya ya nchi ya hadithi, hapo kuna mwenye mali. Hakuna matata ilikuwa ni kauli yetu ya kila siku kabla ya muvi ya katuni ya 1994, na mwaka 2003 ilisajiliwa Marekani kama alama ya biashara ya Disney kwenye nguo. Mwalimu angeanzia hapo siku ile ningekaa upande wake.

Ila rafiki yangu hakuiba kitu. Aliuliza watu hawa wanafanya kazi gani, wanaogopa nini, na akaandika "kasa hageuki kwa kelele". Linganisha na yale ya T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika kwenye muvi ya Black Panther ya 2018, kwamba wakati wa shida wenye busara hujenga madaraja na wapumbavu hujenga vizuizi, maneno mazuri ambayo waziri wa nchi yoyote angeweza kuyasema, wakati Wakanda imekaa juu ya mlima wa chuma cha ajabu na hakuna nyundo, hakuna mfua, hakuna cheche ndani ya usemi ule. Kwenye kasa hageuki kwa kelele unasikia kabisa kina mama wamesimama ukingoni wanalia, na mnyama anaendelea na safari yake.

Wiki iliyopita nilimsomea shangazi yangu wa Pangani ukurasa ule. Yeye kasa anawajua, amewaona wakija kutaga. Alikuwa anachambua mchele, akasimamisha ungo, akasema: eti hageuki, sawa, na akiamua kuzama je? Huko kwao hakuna mwenye neno la kumjibu huyo aliyesema hivyo?

Nikampelekea mwandishi swali kama lilivyo. Ameshajaribu majibu matatu, jana akanitumia la tatu, "asiyepiga kelele ataamkia kilindini", na nimempigia shangazi simu nimsomee nisikie atasema nini.