Chupa za damu kabla ya dozi ya kwanza

Lawama dhidi ya kipimo cha kuotesha damu, yaani kuweka damu kwenye chupa maabara ili kuona kama bakteria wataota, imezoeleka wodini: majibu huja siku ya pili au ya tatu, mgonjwa keshapata nafuu au keshafariki. Basi ya nini kuhangaika? Choma antibiotiki ya seftriaksoni, tuendelee.

Hoja hiyo si ya kubeza. Mgonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayovuruga viungo vya mwili) ambaye presha imeshuka anatakiwa apate antibiotiki ndani ya saa 1, na mshipa usipopatikana, dawa isingoje. Tena si kila sampuli ina faida. Mkojo wa mtu asiye na dalili yoyote ukioteshwa, bakteria wanaweza kuota, na asipokuwa mjamzito wala hajiandai kwa upasuaji wa njia ya mkojo, atameza dawa za bure.

Ila wanaolaumu wanachanganya kuchukua damu na kusubiri majibu. Kuchukua damu ni dakika chache. Chupa zikishajaa, sindano ya dawa inafuata palepale. Anayesubiri ni maabara, si mgonjwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwachukua damu wagonjwa 325 wa sepsisi kali kabla ya dawa, kisha tena ndani ya saa 2 baada ya kuianza. Kabla ya dawa, vimelea viliota kwa asilimia 31.4, baada yake, asilimia 19.4. Wagonjwa ni walewale, na ni saa mbili tu! Zaidi ya theluthi ya majibu imeyeyuka, huku bakteria huenda wakiwa bado mwilini. Daktari anapokea karatasi inayosema "hakuna kilichoota", na hawezi kujua kama hakuna kimelea au kimezimwa kwa muda. Kwa hofu, anaendelea na dawa pana, inayopiga bakteria wa aina nyingi.

Makosa mengine ni ya mkono, na hapo ndipo kipimo kinapopata jina baya. Damu ya mtu mzima mwenye maambukizi ya damu mara nyingi huwa na bakteria chini ya 1 kwa mililita, kwa hiyo mililita 3 ndani ya chupa ni bahati nasibu. Zinatakiwa 8 hadi 10 kwa kila chupa, seti mbili za chupa mbilimbili, kila seti kutoka mshipa wake. Ngozi ipakwe klorheksidini yenye spiriti, iachwe ikauke kama sekunde 30, na kidole kisirudi kuutafuta mshipa. Stafilokokasi, bakteria wa kawaida wa ngozi, akiota kwenye chupa moja kati ya nne, huenda ni uchafu. Ukiwa na chupa moja tu, utajuaje?

Majibu yenyewe yana uzito wa maisha. Mwaka 2018, wagonjwa 379 wenye bakteria E. koli au Klebsiela sugu kwa seftriaksoni kwenye damu waligawanywa kwa dawa mbili. Waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 12.3 kwa piperasilini-tazobaktamu na 3.7 kwa meropenemu, ingawa maabara ilionyesha vimelea vinasikia (vinazuiwa na) dawa zote mbili. Bila kuotesha, usugu huo hauonekani.

Na karatasi hiyohiyo ikionyesha E. koli anayesikia ampisilini, dawa isiyo pana kama meropenemu, meropenemu inaondolewa siku hiyo. Ambaye hakuchukua damu hana cha kumpa ujasiri wa kuiondoa.