Oscar De Priest na ugomvi wa mgahawa

Oscar De Priest akitajwa, hutajwa kwa "ukwanza" wake: Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani kutoka jimbo la kaskazini. Mimi namheshimu zaidi kwa ugomvi wa chakula.

Mwaka 1934 katibu wake alikwenda kula na mwanawe kwenye mgahawa wa Baraza la Wawakilishi, wakakataliwa kwa sababu ya rangi yao. De Priest angeweza kumtuliza katibu wake na kuyamaliza kimyakimya. Hakufanya hivyo. Alisimama bungeni kudai uchunguzi, na walipomzungusha akapita kwa mbunge mmoja mmoja mpaka akazipata saini 145 zilizohitajika kulilazimisha Baraza kulishughulikia suala hilo. Kamati ikaundwa: watatu wa chama cha Democratic, wawili wa chama cha Republican. Watatu wakaubariki ubaguzi. Alishindwa, lakini wote waliokuwa upande ule walilazimika kuonekana.

Najua hoja ya wanaombeza: alikuwa zao la siasa chafu za Chicago. Ni kweli aliukwea udiwani mwaka 1915 kwa kuhesabu kura za wakazi wa South Side, upande wa kusini wa jiji walikoishi Weusi wengi, kata kwa kata, na mwaka 1917 akashtakiwa kwa kupokea fedha za wacheza kamari. Wakili Clarence Darrow alimtetea, akaachiwa huru. Mbunge Martin Madden alipofariki mwaka 1928, wakubwa wa chama chake cha Republican jijini ndio waliompa De Priest nafasi ya kugombea.

Sasa angepitia mlango gani mwingine? Kusini Weusi walikuwa wamenyang'anywa kura. Tangu mbunge Mweusi George White wa North Carolina aondoke mwaka 1901, hakukuwa na Mweusi hata mmoja bungeni hadi De Priest alipoapishwa mwaka 1929. Miaka 28!

Mahali nisipomtetea ni kwenye suala la misaada ya serikali wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Alipinga mipango ya Rais Roosevelt huku wapiga kura wake wakikosa kazi na kodi ya nyumba. Hilo lilikuwa kosa kubwa, na mwaka huohuo wa mgahawa wakampa kiti Arthur Mitchell wa Democratic.

Mwaka 1943, akiwa na miaka 72, alirudi kuwa diwani Chicago.