Hiti pampu zinatuhusu, tena sana

Kwenye semina moja ya nishati hapa Dar nimesikia tena ile kauli kwamba hiti pampu, mashine za umeme za kuhamisha joto, ni mambo ya Ulaya kwenye theluji, sisi wa jua kali hazituhusu. Na watu wakaitikia kwa vichwa! Imeniuma, maana wanaosema hivi ndo wanaokwenda kukaa meza moja na wafadhili kwa niaba yetu.

Jamani, kiyoyozi ni mashine hiyo hiyo. Kompresa ile ile, gesi zile zile, inatoa joto chumbani inalimwaga nje. Hiti pampu inalichukua joto la nje inalitia kwenye maji au ndani ya nyumba, haizalishi, inahamisha tu, ndo maana uniti moja ya umeme inakupa tatu hata nne za joto. Norwei na baridi yao nyumba nyingi zinapashwa hivyo, sasa sisi ambao hewa tu iko nyuzi 30? Halafu unakuta hoteli ya pwani viyoyozi vinapuliza joto nyuma ya jengo usiku na mchana, na pembeni hapo hapo kuna boila la dizeli linachemsha maji ya wageni kuoga. Dizeli ya kuagiza kwa dola, wakati tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 na Kenya wana umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Inauma.

Bei ya kununua iko juu, hilo sibishi, na mwenye paa lake mwenyewe sola ya kuchemshia maji bado inamfaa.

Ila ushirikiano wa kimataifa upo, na makubaliano yalifanyika hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, nchi za Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, zikakubali kupunguza gesi za HFC, ndizo zinazozunguka ndani ya viyoyozi na hiti pampu nyingi. Kilo moja ya R-410A, mojawapo ya gesi hizo, ikivuja inapasha dunia kuliko kilo 2,000 za kaboni dayoksaidi! Mbadala mmoja mzuri ni propani, R-290, lakini inawaka kama gesi ya jikoni, kwahiyo mambo yote yako mikononi mwa fundi. Na fundi wetu tumemwachaje? Nilimuuliza mmoja mtaani kwetu kwanini anafungua vali gesi inaenda hewani, akanijibu mteja analipia kujaza, kunyonya ile ya zamani nani analipa, na mashine ya kunyonyea ni ghali. Yuko sahihi kabisa.

Mfuko wa hiyo Itifaki ya Montreal unalipia mafunzo ya mafundi, basi tuombe mengi zaidi: vyuo vya ufundi vya VETA vipate mashine za propani za kujifunzia, fundi akihitimu aondoke na vifaa vyake, hospitali na hoteli zipate mkopo wa riba nafuu watoe maboila. Warsha zimetosha.

Na mitumba. Ghana walizuia friji na viyoyozi vilivyotumika kuingia tangu 2013. Afrika Mashariki tufanye hivyo wote kwa mpigo, maana nchi moja ikilegea mzigo utapita huko huko na kutufikia.