Mkanda Mwembamba Haujasikilizwa

Anayeanza slaklaini, mchezo wa kutembea juu ya mkanda uliofungwa kati ya miti miwili, hupewa ushauri uleule karibu kila mahali: tafuta mkanda mpana wa milimita 50, uukaze mpaka uwe mgumu kama ubao, ndipo upande. Wapo wanaosema kinyume: chukua wa milimita 25, uufunge mfupi na chini, wala usiukaze sana. Nimefundisha kwa njia zote mbili, na naona hawa wa pili hawajasikilizwa vya kutosha.

Wa kwanza wana hoja, tena nzito. Mkanda mpana hauumizi nyayo, na jicho likiutazama halitishiki. Seti zake huja na racheti, kikazio kama kile cha kufungia mizigo kwenye malori, hivyo mtu peke yake anaufunga kwa dakika chache bila kujua lolote kuhusu karabina, zile pete za chuma za wapanda miamba, wala mafundo. Kampuni ya Gibbon ilipoanza kuuza seti za namna hiyo mwaka 2007, mchezo uliokuwa wa wapanda miamba ukafika kwa familia na watoto. Hilo ni jema kabisa.

Lakini tuutazame mguu wenyewe. Kwenye mkanda mwembamba, mstari hupita kati ya kidole gumba na kinachofuata, ukaishia katikati ya kisigino. Nyayo inaukumbatia, na mguu unajua ulipo bila kuangaliwa. Kwenye mkanda mpana, ukingo uko milimita 25 kutoka katikati, badala ya 12 na nusu. Uzito ukihama kidogo tu kuelekea ukingoni, mkanda wote unajipindua na kuuvuta mguu pamoja nao. Kifundo cha mguu, ambacho kilipaswa kuwa huru kufanya masahihisho madogomadogo, kinalazimika kupambana na mkanda. Upana unaoonekana kama msaada unakuwa mzigo wa pili.

Kisha kuna mtetemeko. Kila anayeanza anaujua: unakanyaga, unajiinua, na mkanda unaanza kwenda kushoto na kulia kama umepandwa na wazimu. Mwanafunzi wangu mmoja, goti likimcheza, aliniomba niongeze meno mawili ya racheti ili mkanda utulie. Nikaongeza. Mtetemeko haukuisha; ulikuwa mdogo zaidi na wa kasi zaidi, na mwili wake ukashindwa kabisa kuufuata. Mkanda ule ulikuwa umetulia tuli kabla hajaukanyaga. Uliotetemeka ni mguu. Utafiti wa Martin Keller na wenzake wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba baada ya mazoezi ya slaklaini watu husimama imara zaidi, na pamoja na hilo mwitiko usio wa hiari wa misuli ya vigimbi vya miguu hupungua. Mwili hujifunza kunyamaza, na somo hilo halinunuliwi kwa kukaza.

Nakiri kwamba kulegeza kupita kiasi nako ni kosa. Mkanda uliolegea sana huyumba kwa upana mkubwa, na anayeanza hutupwa pembeni kabla hajapata nafasi ya kujirekebisha. Ninachotetea ni mkazo wa wastani.

Wastani huo una hesabu yake, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Mtu akisimama katikati, mvuto ndani ya mkanda ni takriban uzito wake mara urefu wa mkanda, gawanya kwa mara nne ya kiasi ulichobonyea. Mtu wa kilo 70 kwenye mkanda wa mita 15 uliobonyea nusu mita anazalisha mvuto sawa na uzito wa kilo 525. Ukazwe mpaka ubonyee robo mita tu, mvuto unafika kilo 1,050. Zaidi ya tani, kwa sababu ya mwanafunzi asiyeweza bado kusimama sekunde tano! Mvuto huo wote unabanwa kwenye magome ya mti na kwenye kifaa kidogo cha chuma kinacholala karibu na vidole vyako. Racheti iliyokazwa hivyo haifunguki polepole. Inaachia kwa kishindo, na mkono ulio karibu ndio unaolipa. Sasa fupisha mkanda uwe mita 6, uubonyeze sentimita 30: mtu yuleyule anazalisha kilo 350. Urefu ukipungua, usumbufu wa kuyumba nao unapungua, bila kugusa kikazio.

Mkanda mpana uliokazwa una mahali pake: kwa wanaotaka kuruka na kudunda, hakuna mwingine. Kwa mtoto mwenye nyayo laini pia nisingebisha. Na kama tayari umenunua seti ya milimita 50, usikimbilie kununua nyingine. Ifunge kwa urefu wa mita 5 au 6, kimo cha goti kutoka ardhini, miti ikiwa imevikwa kitambaa kinene. Kaza mpaka ukisimama katikati mkanda usiguse ardhi, kisha uache hapo. Vua viatu. Goti likianza kucheza, likunje kidogo, pumua, na kikazio usikiguse.