Kabla hujalaumu vyama, angalia kwanza kura zinahesabiwaje

Kila uchaguzi ukiisha lawama ni zile zile, mara wapinzani hawataki kuungana, mara vyama vidogo vinagawa kura, mara wananchi wamezoea vyama viwili tu. Mi naona tunawasema sana watu na tunasahau kanuni, yaani ile hesabu inayogeuza kura kuwa kiti. Hesabu ikibadilika na vyama vinabadilika.

Chukua Lesotho. Mei 1998 walipiga kura kwa mfumo wa kila jimbo mbunge mmoja, anayeongoza ndo anachukua hata kama hajafika nusu. Chama tawala LCD wakapata kama asilimia 60 ya kura nchi nzima, wakabeba viti 79 kati ya 80. Sabini na tisa! Chama cha upinzani BNP, ambao karibu mtu mmoja kati ya wanne aliwapigia, wakaambulia kimoja. Hata kama hakuna aliyeiba kura, we utamwambia nini huyo mtu? Watu wakaingia barabarani, Septemba wanajeshi wa Afrika Kusini na Botswana wakaingia nchini, mji mkuu Maseru ukaungua na watu wakafa.

Baadaye wakakaa wakakubaliana, majimbo 80 yakabaki na vikaongezwa viti 40 vya orodha za vyama, vya kufidia chama ambacho sehemu yake ya kura ni kubwa kuliko sehemu ya viti kilivyopata majimboni. Uchaguzi wa 2002 BNP hawakushinda jimbo hata moja ila kwa asilimia 22 hivi ya kura wakaingia bungeni na viti 21. Chama kile kile, wapiga kura karibu wale wale.

Ila wanasiasa nao wanasoma kanuni kuliko sisi. Kila mtu alikuwa na kura mbili, moja ya mgombea na moja ya chama, sasa 2007 LCD wakapatana na kachama kadogo NIP, wagombea wa jimbo wawe wa LCD halafu kura ya chama iende NIP, wapinzani ABC nao wakafanya hivyo hivyo na kachama kengine, LWP. NIP wakatoka na viti 21 vya fidia, maana kwenye hesabu walionekana hawana jimbo! Fidia iliyowekwa kwa ajili ya wanyonge ikaishia kwa mkubwa kupitia mlango wa nyuma. Ikabidi warekebishe tena, kuanzia 2012 kura ni moja tu, inahesabiwa kwa mgombea na kwa chama chake hapo hapo.

Msomi wa siasa Mfaransa Maurice Duverger alishaandika tangu 1951 kwamba mfumo wa anayeongoza anachukua unasukuma nchi kwenye vyama viwili, manake mtu anayependa chama cha tatu akiona hakifiki anahamia kwa yule anayemchukia kidogo. Ni kweli, ila kuna kitu kinanikera zaidi: chama chenye watu waliojazana sehemu moja kinapona. Uingereza 2015, SNP, chama cha Scotland, walipata asilimia 4.7 ya kura na viti 56 kwa sababu wapiga kura wao wote wako huko, chama cha UKIP kilichokuwa na watu waliosambaa kila kona kikapata asilimia 12.6 na kiti kimoja. Kwa hiyo kanuni inamzawadia anayejifungia kwao na inamwadhibu anayejaribu kuongea na nchi nzima, halafu tunashangaa siasa za ukanda zinatoka wapi.

Najua mtasema uwiano, yaani viti kufuata sehemu ya kura kama hiyo fidia ya Lesotho, unaleta vyama vingi na serikali za kuvunjika kila siku. Hilo lipo, Lesotho yenyewe baada ya 2012 ilirudi kwenye uchaguzi 2015 na tena 2017. Dawa inayotajwa ni kizingiti, chama kisichofika asilimia fulani hakipati kitu, na mi sina shida nacho kikiwa kidogo. Uturuki waliweka asilimia 10, na 2002 chama cha AKP kwa kura asilimia 34 wakachukua karibu theluthi mbili ya bunge huku karibu nusu ya kura zote zikiishia kwa vyama visivyopata kiti. DEHAP, chama cha Wakurdi, kilikuwa na zaidi ya asilimia 6, kwa kizingiti cha 5 kingeingia. 2007 wanasiasa wa upande huo wakagombea kama watu binafsi, maana mgombea binafsi hahesabiwi kizingiti, wakashinda, na walipofika bungeni wakaunda kundi la chama chao humo humo.